Nani Kala Majina ya Miji?

Jumapili, 3 Machi 2019

Mudiri Shafiq anastaafu mwisho wa mwezi. Katuita asubuhi, mimi na Nashwa, maana wataalamu wa kompyuta kuu hapa Aleksandria ni sisi wawili tu. Katangaza. Ofisi imechoka na vihariri viwili, yaani vyombo viwili tofauti vya kuandikia kwenye mashine. Kuanzia Aprili, programu zote za Shirika la Bima la Manara zitaandikwa kwa kihariri kimoja. Mwenye kihariri kitakachoshinda atarithi kiti chake. Mwingine atahamishiwa ghala la majalada, Damanhuri.

Damanhuri! Miaka ishirini na miwili nimeilea mashine hii, leo nikawe mlezi wa panya!

Mimi natumia kihariri cha zamani. Skrini nyeusi, maandishi ya kijani, hakuna mbwembwe. Nashwa anatumia hicho kipya, kimejaa rangi kama peremende za Maulidi. Baada ya kikao akaniuliza, kwa upole kabisa, kama ningependa anionyeshe kinavyofanya kazi. Kwa upole! Machale yakanicheza papo hapo. Mimi si mtoto wa jana.

Nimechukua hatua. Kwanza, nimeifunga kufuli mipangilio ya kihariri changu, mkono wa mtu usiiguse. Namba za mistari zimewashwa, kama inavyotakiwa tangu enzi za kadi za kutoboa. Enzi hizo programu ilikuwa rundo la kadi zenye matundu; ukiliangusha sakafuni, namba za ukingoni ndizo zilizokuokoa. Nashwa hajawahi kuona kadi hata moja.

Pili, nimeifungua orodha ya anwani za wateja. Alhamisi bibie Nashwa alikuwa anaongeza wateja wa mji wa Rashidi humo. Nimeikagua mstari kwa mstari. Majina yapo, mitaa ipo. Sikugusa kitu. Nikatoka. Salama.

Jumatatu, 4 Machi

Balaa! Balaa tamu!

Posta wamezikataa bahasha zetu mia nne na kumi na mbili. Jina lipo, mtaa upo, mji hakuna. Penye mji pana namba. Ajuza mmoja wa Tanta ameandikiwa kwamba anaishi mji wa 00370000. Mudiri kageuka mwekundu mpaka kwenye masikio.

Mimi moyoni napiga vigelegele. Nani aliigusa ile orodha Alhamisi? Nashwa. Kwa kihariri gani? Cha peremende. Sikusema neno mbele ya watu. Nilikohoa tu, lakini kikohozi chenye maana.

Nashwa akarudisha nakala safi kwa dakika kumi. Akasema ni ajabu, alipoiacha miji yote ilikuwepo. Eti. Akaniuliza kama mimi niliigusa. Nikamwambia mimi sigusi, mimi naangalia. Akanitazama kidogo. Jicho lile silipendi.

Uamuzi: kuanzia leo orodha ina mlinzi. Nitaifungua asubuhi, mchana, na kabla ya kwenda nyumbani. Nimeanza leo leo. Salama.

Jumanne, 5 Machi

Miji imeliwa tena! Nashwa karudisha nakala saa tatu. Saa sita imeliwa. Karudisha. Saa nane imeliwa! Ebo! Na mimi nimeilinda mara tano, zaidi ya nilivyopanga! Huyu mharibifu anapenya kati ya ukaguzi wangu mmoja na mwingine. Ana kasi ya ajabu, lazima nikiri.

Nimetega mtego. Nimemwaga maganda ya mbegu za tikiti kuzunguka kiti cha Nashwa ili nisikie akiinuka. Ami Barsum, mzee wetu wa chai, kayafagia yote huku akiuliza ni mnyama gani amekula hapa. Nikamvuta pembeni nikamwomba awe macho yangu. Kakubali. Ripoti yake ya kwanza: bashmuhandisi Nashwa anakunywa chai bila sukari, na bashmuhandisi Lutfi anaongea peke yake. Nikamwambia sikumtuma anichunguze mimi. Akasema ana macho mawili, hawezi kufumba moja kwa kunipendeza.

Nyumbani, mke wangu Suhair ananipakulia mchuzi wa mlukhia, mara ananiuliza: hivyo orodha inaharibika kabla hujaikagua, au baada?

Swali la ajabu hilo. Nani kamfundisha kuuliza hivyo? Sasa nakumbuka. Kwenye harusi ya binti wa mudiri yeye na Nashwa walikaa meza moja. Walicheka sana. Sikuomba kuongezewa.

Jumatano, 6 Machi

Mfumo unaweka kumbukumbu ya kila anayehifadhi faili. Jina na saa. Kwa nini sikuwaza hili mapema? Nikaingia kwenye kumbukumbu, nikijua nitamkuta Nashwa kajaa tele humo.

Aliyehifadhi mwisho: LUTFI. Kabla yake: LUTFI. Kabla yake: LUTFI. Orodha imeharibiwa mara saba, na mara zote saba, LUTFI!

Wameniibia neno la siri! Neno lenyewe ni SUHAIR1, na limebandikwa chini ya kibodi, mahali ambapo hakuna anayepaangalia. Watu hawa ni hatari kuliko nilivyodhani.

Nimelibadilisha. Refu, gumu, halina maana yoyote. Sikuliandika popote. Baada ya chai nikawa nimelisahau. Nikajaribu mara tatu, mfumo ukanifungia nje. Na mwenye mamlaka ya kunifungulia ni nani? Nashwa. Niende kumpigia magoti yeye? Thubutu! Nimekaa siku nzima nikijifanya nasoma mwongozo wa mashine. Ami Barsum akaniletea chai, akanigeuzia kitabu, maana nilikuwa nimekishika kichwa chini miguu juu.

La kuzingatia: leo, siku niliyofungiwa nje, hakuna mji hata mmoja ulioliwa. Maelezo yako wazi kabisa. Mwizi kalikuta neno jipya, kaogopa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda. Nikasimama mbele ya meza yake nikasema nywila imenichokoza. Nashwa akanifungulia hapo hapo, hakunicheka, hakumwita mtu aje kuona. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Angecheka ningejua pa kumweka.

Nikaingia kwenye mashine, nikafanya ukaguzi wangu. Salama. Nusu saa baadaye watu wa uchapaji wakapiga kelele: miji imeliwa! Unaona? Kanifungulia yeye, na mara tu aliponifungulia uharibifu ukarudi. Hata hakimu asingehitaji kusikia zaidi.

Mudiri kapanga onyesho Jumapili. Kila mmoja alete kihariri chake tukilinganishe mbele ya wote. Vizuri sana. Nitamwonyesha cha mtema kuni.

Jumapili, 10 Machi

Nilivaa suti ya harusi yangu. Chumba kilijaa: mudiri, watu wa uchapaji, watu wa madai, Ami Barsum mlangoni na sinia lake.

Nikaomba tuanze na orodha ileile ya anwani, kabla haijarudishiwa nakala. Ifunguliwe kwake kwanza. Ikafunguka, na pale ukingoni kulia namba zimejipanga wazi, kama ushahidi wa wizi. Kisha nikaifungua kwangu. Majina. Mitaa. Namba hata moja hakuna! Nikasema waheshimiwa, mnajionea wenyewe, kwake namba, kwangu usafi! Watu wakanong'ona. Mudiri akatikisa kichwa kwa kukubali. Mimi kimawazo nilikuwa nimeshakaa kwenye kile kiti na nimeagiza mto.

Nashwa hakubisha. Akaniuliza tu, Ustadh Lutfi, huyu ajuza hapo kwako anaishi mji gani?

Nikatazama. Jina lipo. Mtaa upo. Baada ya mtaa, weusi mtupu. Nikasogeza skrini kulia. Haiendi. Nikasema mji umefichwa kwa ajili ya usalama.

Mtu mmoja wa uchapaji akacheka. Nashwa hakucheka. Akaeleza polepole, kama nilivyomfundisha mimi kueleza. Kila mstari kwenye mashine yetu una nafasi themanini. Kwenye programu, zile nane za mwisho mashine haizisomi, ndiyo maana wazee waliweka namba humo. Lakini kwenye orodha ya anwani, nane za mwisho ndizo mji. Kihariri cha zamani, kikiwa kimefungwa na namba zimewashwa, kinapiga namba kwenye nafasi hizo chenyewe unapofungua faili, halafu kinazificha usizione. Ukitoka, kinahifadhi. Akasema kihariri changu si kibaya, ila hakijui kutofautisha programu na anwani, na aliyekiambia kisibadilike ni mimi mwenyewe.

Akarudisha nakala safi. Akaifungua kwake: Tanta, Rashidi, Damanhuri, miji yote imetulia. Akaniomba niifungue kwangu, nisiguse kitu, nitoke. Nikafungua. Nikatoka. Akaifungua tena kwake.

00010000. 00020000. 00030000.

Ami Barsum akaanza kusema yaani kumbe huyu mlinzi, kisha akameza maneno akageukia sinia. Nikasema kibodi yangu imechezewa. Nikasema tena. Uso ulinishuka, nikatamani sakafu ipasuke inimeze na suti yangu. Nimekaa msalani nusu saa. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Jumatatu, 11 Machi

Mudiri kaniita. Barua ya Damanhuri ilikuwa mezani, imeshapigwa muhuri. Kiti ni cha Nashwa. Mimi nianze ghalani Jumapili. Nikawafikiria Suhair na mabinti. Nikafikiria treni ya alfajiri kila siku, katika umri huu, kwenda kufuta vumbi kwenye majalada ya marehemu.

Mara Nashwa akaingia, hakubisha hata hodi. Akasema Ustadh Lutfi haondoki. Alipoletwa hapa miaka mitano iliyopita hakujua hata pa kuiwashia ile mashine, na wote walimcheka isipokuwa mimi. Kila anachokijua nilimfundisha mimi, bila kumficha kitu. Atanidhamini kwa jina lake.

Mudiri kakuna kidevu. Kisha kaitia barua kwenye droo. Sharti ni moja. Kesho saa nne zinachapwa barua elfu mbili za kuwaomba radhi wateja. Ukiliwa mji mmoja, mmoja tu, mimi Damanhuri, na Nashwa kiti asahau.

Nje, Nashwa akaniambia nisiwe na wasiwasi, ameshatengeneza kila kitu, nakala safi imewekwa, mimi kesho ninywe chai tu. Machozi yalinilenga. Nikamwambia Mungu ambariki, na nilimaanisha. Nimenunua keki ya basbusa ya ofisi nzima. Ami Barsum amekula vipande vitatu, akasema leo bashmuhandisi Lutfi ana uso wa binadamu.

Jumanne, 12 Machi

Nimefika saa moja asubuhi, kabla ya wote. Tangu jana jambo moja linanikereketa. Kwa nini anitetee? Mtu anakuvisha kilemba mbele ya mudiri, bure? Anapata nini? Na lile onyesho la nafasi nane, ukilitafakari ukiwa umetulia, lilikuwa mazingaombwe tu. Maulidini nimeona mtu akitoa njiwa kwenye kofia, na hakuna aliyesema kofia ndiyo inayotaga.

Nikafungua kihariri changu kwa tahadhari. Lo!

Kufuli langu limefunguliwa! Mipangilio imeguswa! Namba za mistari zimezimwa! Zimezimwa! Miaka ishirini na miwili hazijawahi kuzimwa!

Kwa hiyo nilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Kuna mkono unaoingia kwangu. Wiki nzima wananiona mwehu, kumbe mkono upo, na alama zake hizi hapa. Sijui ni wa Nashwa, au ni wa anayetaka kumwangusha Nashwa. Nikifikiria sana, naona ni huyu wa pili. Kuna mtu anataka barua za leo ziharibike ili maskini yule akose kiti, na mimi nibebeshwe lawama. Kanitetea mbele ya mudiri. Sasa ni zamu yangu kumtetea.

Nikawasha namba. Nikafunga kufuli. Nikaangalia tena kama nimefunga kufuli.

Halafu, maana mtu anayeweza kugusa mipangilio anaweza kugusa chochote, nikaifungua orodha ya anwani. Mistari yote elfu mbili, mmoja mmoja, mpaka macho yakaniuma. Majina yapo. Mitaa ipo. Namba haionekani hata moja. Sikugusa kitu. Nikatoka saa nne kasoro dakika mbili.

Sasa hivi mashine ya kuchapa imeanza kunguruma. Nashwa amekaa kwenye kiti cha mudiri kukijaribu, amenipungia mkono kupitia kioo, anatabasamu. Nami nimempungia. Hajui, na sitamwambia, ni nani aliyemwokolea kazi yake asubuhi hii.