Supu ya Mgambo na Barua ya Msalato

Jamani, aibu ya leo sina pa kuiweka.

Nimeomba kazi ya upishi kwenye kantini moja kule Msalato. Mwenyewe, Mama Zubeda, hatujawahi kuonana. Jana akaniuliza kwenye simu kama nimewahi kufungwa. Nikasema ndiyo. (Mdomo wangu huu!) Akasema, "Niandikie ulifanya nini. Nikiridhika utakuja. Mwisho kesho saa nane."

Basi leo saa saba niko steshenari, hapa mtaani Kikuyu. Foleni. Umeme umekatika. Umerudi. Nikamwamkia mama mmoja aliyekaa kwenye benchi, akaitika marahaba, nikaendelea kutazama saa.

Zamu yangu ikafika. Nikamnong'oneza dada wa kompyuta: "Andika, nilifungwa kwa kummwagia mgambo supu."

Dada akapaza sauti utadhani yuko mnadani: "KUMMWAGIA MGAMBO SUPU! Hiyo ndiyo Yah, kichwa cha barua, kaka? Niipigie mstari?"

Foleni nzima ikaamka.

"Utakosa kazi wewe!" akasema jamaa wa bodaboda. "Andika supu ilimwagika."

"Andika mgambo aliteleza," akadakia mwingine.

"Akaangukia sufuriani!"

Na mimi kwa tamaa ya kazi nikakubali yote. Mpaka barua inaisha, mgambo ndiye mkosaji na mimi ndiye niliyemwokoa. (Nilijionea huruma kabisa.)

"Haya, inakwenda kwa nani?" dada akauliza.

"Mama Zubeda wa kantini, Msalato. Fanya haraka, nasikia ana kisirani huyo!"

Yule mama wa kwenye benchi akainuka, menyu aliyokuja kutoa kopi iko mkononi.

"Kisirani chenyewe ndiyo mimi."

Mungu wangu! Nikajikuta namwamkia upya.

"Mwanangu, mgambo aliteleza au ulimmwagia?"

"Nilimmwagia, mama. Alipiga teke meza yangu ya biashara."

"Supu ya nini?"

"Mbuzi."

"Ilikuwa ya moto?"

"Vuguvugu."

"Basi una makosa mawili. Supu haiuzwi vuguvugu."

Watu wakacheka mpaka dada akashindwa kuchapa. Mimi natafuta mlango siuoni.

"Hiyo barua futa," Mama Zubeda akamwambia. Kisha akanigeukia: "Hilo la kwanza ulilonong'ona limenitosha. Njoo kesho alfajiri. Ila sufuria usiiguse mpaka nikuzoee. Utamenya vitunguu."

Msinicheke, kazi nimepata. Na vitunguu ni afadhali, maana nikilia hakuna atakayeniuliza.