Manowari Lianpu Inirudishie Mume Wangu

Kwa Ndugu Qiu Desheng,
Mkuu wa Makumbusho ya Manowari, Gati la Magharibi, Lianpu.

Huna haya. Naanza na hilo lisije likapotea katikati ya heshima. Mama yako ni jirani yangu, na hata yeye anasema huna haya. Umeninyang'anya mume mchana kweupe, kisha ukabandika tangazo mlangoni kwamba wazee wanaingia bure. Bure!

Mimi ni Fan Yuezhi, miaka sabini na minne, mke halali wa Geng Baolin, fundi mstaafu wa kuchomelea vyuma vya meli. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo ukiona neno limekaa upande, lisome upande. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnawaambia wageni kwamba manowari yenu hii, frigeti Lianpu, ilibuniwa na wahandisi. Walibuni, sikatai. Wakafuta, wakabuni tena. Ilitakiwa iwe na makombora. Makombora hayakuwa tayari, wakaweka mizinga. Kisha wakagundua chumba cha injini ni kidogo, wakakata vyuma ambavyo Mzee Geng alivichomelea wiki iliyotangulia. Miaka minne alirudi nyumbani ananuka moshi. Nikimuuliza anajenga nini, anajibu, "Siri ya taifa. Lete chai." Siri gani, wakati mtaa mzima wa wafanyakazi tulikuwa tunauona mlingoti wake tukianika nguo?

2. Siku meli iliposhushwa majini nilikuwa leba. Mkunga alimtuma mtu akamwite baba wa mtoto. Baba akajibu, "Mwambieni Yuezhi asubiri kidogo, hii inateremka sasa hivi." Nisubiri! Meli iliteremka saa nne, mtoto saa nne na nusu. Akaja ana grisi mpaka kwenye nyusi, akamtazama mtoto, akamwita Huwei, yaani msindikizaji, maana ndivyo manowari za aina hii zinavyoitwa kwetu. Mabinti wa wenzangu wanaitwa Ua, wanaitwa Theluji. Wangu ana miaka arobaini, na kila akijitambulisha watu wanamkagua kama amebeba mzinga.

3. Meli hii ilikuwa ya kwanza ya aina yake, na mabaharia walichemka ndani kama maandazi ya mvuke. Ya tatu ikawekewa kiyoyozi. Ya tano ikapata uwanja wa helikopta na banda la kuilaza. Katika miaka hiyo hiyo mimi nilipata birika moja, zawadi ya chama cha wafanyakazi kwa fundi bora. Lina picha ya meli.

4. Frigeti zetu hupewa majina ya miji, na kwa bahati yangu mbaya hii ikapewa jina la mji aliozaliwa mume wangu. Alilia, mwanaume ambaye hakulia kwenye msiba wa baba yake! Alipostaafu nikasema basi, tuondoke Shanghai, tukakae kwao Lianpu, mbali na karakana. Nikaikimbia meli kilomita mia nne. Yenyewe ikatumika baharini miaka thelathini na mitano, ikasindikiza, ikapiga doria, ikapigwa na tufani. Dada zake wengine wakapakwa rangi nyeupe wakapewa kazi ya kulinda pwani, wengine wakauzwa ng'ambo. Hii mbona haikuuzwa? Kwa sababu ilipostaafu mliona vyema irudi kwenye mji wa jina lake. Mkaivuta kuupanda mto, mkaifunga mita mia tatu kutoka kitandani kwangu, mkapiga na matarumbeta. Mke mwenza amenifuata hadi ukweni, na mji mzima ukampigia makofi.

5. Sasa ni mwaka wa tatu. Saa kumi na mbili asubuhi anatoka na kigoda chake, anarudi giza likiingia. Ameipata chini ya ngazi ya kulia sehemu aliyoichomelea mwenyewe, anakaa pembeni yake. Anawasahihisha mabinti wenu waongoza wageni: "Binti, usiseme 'takriban'. Mimi nilikuwepo." Nami jioni nikienda uwanjani kucheza dansi na wenzangu, Bibi Cao ananipigia kelele mbele za watu: "Yuezhi! Mwenzio kapakwa rangi mpya, wewe utajipaka lini?"

6. Hili ndilo lililonikalisha kuandika. Mwezi uliopita alitimiza miaka sabini na minane. Nilimkandia tambi za maisha marefu kwa mikono hii, bakuli zima uzi mmoja usiokatika. Huwei alikuja kwa treni. Tukasubiri mpaka tambi zikawa gundi. Alikuwa kwenu, anakwangua kutu. Ndugu Qiu, ninyi meli mnayo hata miaka mia. Mimi niambie nimebakiwa na milo mingapi na yule mzee?

Kwa hiyo naomba kwa adabu: zamani mke mdogo alimpigia mke mkubwa magoti akampa chai. Meli haina magoti, wewe unayo, njoo Jumapili. Baada ya chai, ivuteni iende mji mwingine wowote ambao hakuna aliyeichomelea. Mkikosa cha kuwaonyesha wageni, leteni nyambizi. Ile walau inajua kujificha.

Nakuachia hapo, pamoja na heshima yote unayostahili, na kiasi chake unakijua. Msalimie mama yako, sufuria yake bado ninayo. Wasalimie mabinti waongoza wageni, mlinzi wa geti, na yule paka wa gatini.

Mimi, mke mkubwa,
Fan Yuezhi

Tanbihi: Barua hii sikuipeleka posta, nampa mama yako akuletee usiku huu. Imechelewa kwa sababu mmefunga meli siku nne mnapaka rangi, na Mzee Geng yuko nyumbani. Siku ya kwanza alikagua sufuria zangu, akasema vishikio vyake viliungwa na mlevi. Siku ya pili aling'oa mlango wa jiko aunyooshe, sasa haufungi. Siku ya tatu alisimama nyuma yangu nikikaanga, akasema, "Moto mwingi." Nimekaanga miaka hamsini! Leo tumekula pamoja milo mitatu, kama nilivyotaka, na yote mitatu bakuli lake limerudi limejaa. Nikamuuliza, "Unawaza nini, mzee?" Akasema, "Mvua inanyesha, Yuezhi, na rangi hawajaimaliza."

Futa malalamiko yote, la kwanza hadi la sita. Meli isiende popote. Kesho saa kumi na mbili kamili fungua geti, rangi iwe imekauka au haijakauka, na pale chini ya ngazi ya kulia uweke meza ndogo na viti viwili. Chakula nitakuja nacho mwenyewe.