Ombi la Kubadilishiwa Muuguzi Anayechekesha

Divine Bazilio,
Kidato cha Pili B,
Mabamba, Kibondo,
Kigoma.

Jumapili, 12 Oktoba 2025

Kwa Mratibu,
Kambi ya Uchunguzi wa Saratani ya Matiti,
Kasulu.

Ndugu Mratibu,

YAH: KUBADILISHIWA MUUGUZI ANAYECHEKESHA

Naomba uniwie radhi kwa kukuandikia nikiwa bado mwanafunzi. Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Shamsi, anasema malalamiko yaliyoandikwa kwa adabu hufika mbali kuliko yanayopigiwa kelele, kwa hiyo nimeandika kwa adabu. Mimi ni katibu wa klabu ya afya shuleni kwetu. Ninaishi na bibi yangu, Pelagia, mwenye miaka sitini na tisa, ambaye ndiye aliyenilea.

Kwanza nitoe shukrani. Kambi yenu ilipokuja Mabamba wiki iliyopita kwa siku mbili, mahema yalikuwa safi, maji ya kunawa yalikuwepo, hakuna aliyetozwa hata shilingi, na dereva wenu hakugonga kuku wa mtu. Malalamiko yangu yanamhusu mtu mmoja tu, Sista Zuleha Mihayo. Sisemi kwamba hajui kazi. Anaijua sana. Tatizo lake ni kwamba ni Mnyamwezi.

Naomba nieleweke vizuri. Sisi ni Waha. Waha na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Huenda wewe unatoka mbali na hujui maana yake. Mtani anaweza kukutukana kwenye msiba wa baba yako mzazi, na ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Anachosema mtani hakiwekwi moyoni. Sasa ninyi mmemchukua mtu wa namna hiyo mkampa kazi ya kuwaambia Waha habari za saratani. Matokeo yake ni haya yafuatayo:

1. Foleni kuharibika. Sista Zuleha alishuka kwenye gari akiwa na boksi la glovu kichwani. Jirani yetu Bibi Esteri, ambaye alikuwa wa kwanza kwenye foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, akapaza sauti, akimkumbusha kazi ya zamani ya Wanyamwezi ya kuwabebea Wazungu mizigo: "Wapagazi hao! Umemwacha wapi Mzungu wako?" Sista hakutua hata boksi. Akajibu, "Yuko nyuma analeta sabuni. Ameambiwa Waha leo mnavua nguo, akaogopa." Wanawake arobaini walikaa chini kwa kicheko. Waliposimama tena, hakuna aliyekumbuka alikuwa nyuma ya nani. Bibi Esteri alijikuta wa thelathini na moja na mpaka leo anasema aliibiwa.

2. Matumizi ya chakula kama kifaa cha kufundishia. Klabu yetu ilikuwa imeandaa mchoro mkubwa wa titi kwa rangi tatu, nami ndiye niliyeuchora, baada ya kuomba ruhusa. Haukutumika. Sista aliagiza ugali wa muhogo, akafanya mabonge, na ndani ya kila bonge akaficha harage moja. Kisha akawaambia akina mama walitafute kwa vidole vitatu, taratibu, kwa kuzungusha, kutoka nje kwenda ndani, bila kuruka mahali. Akaongeza, "Muha hata afungwe macho, harage halimpiti." Wote walilipata. Hata wale ambao mwaka jana walikataa kabisa kusikia neno "titi" walilipata, wakaomba bonge jingine lenye harage dogo zaidi.

Madhara yake ni makubwa. Kwanza, Bibi Esteri alikila kifaa cha kufundishia. Pili, Mama Shadia, mwenye duka pale njia panda, amelalamika kwamba tangu siku hiyo wateja wanayabonyeza maandazi yake yote kwa vidole vitatu, kutoka nje kwenda ndani, halafu wanasema, "Hili liko salama," na kuondoka bila kununua.

3. Kufa wakati wa kuchangisha. Siku ya pili ilikuwa ya kuchangia nauli za akina mama watakaotakiwa kwenda kwenye vipimo vikubwa Kasulu. Klabu ilipanga matembezi ya hisani yenye riboni za waridi, na mimi nilikuwa na hotuba ya kurasa nne. Kabla sijafika kwenye kipaza sauti, Sista Zuleha alitandika mkeka mbele ya mgeni rasmi, Mzee Hilali, mfanyabiashara wa Kibondo mjini. Akalala chali na kujifunika kanga. Akasema kutoka ndani ya kanga: "Mimi ni mwanamke wa Kiha. Nilikuwa na uvimbe, nikauficha kama mbegu ya msimu ujao. Sasa nimekufa. Leteni rambirambi."

Ndugu Mratibu, watani hufanya hivi misibani, lakini huwa kuna msiba. Hapa hapakuwa na msiba. Wanawake walilia kwa ufundi mkubwa hata watu wakaacha biashara zao sokoni wakaja mbio. Mama mmoja alifika na kuku na kibaba cha maharage, machozi yakimtoka kwelikweli, bila kujua ni nani aliyefariki. Alipoambiwa kwamba marehemu yu mzima, alikataa kurudishiwa kuku, kwa sababu rambirambi hairudi. Mzee Hilali alitoa noti, akatoa nyingine, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini mazishi ni saa ngapi, maana alikuwa na safari. Nauli zilipatikana za kutosha na kubaki. Lakini zilipatikana kwa njia ambayo haimo katika katiba ya klabu yetu, na hotuba yangu haijasomwa hadi leo.

4. Bibi yangu. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu, na nimelichelewesha kwa sababu ni gumu kuliandika.

Siku hiyo ya pili mchana, baada ya marehemu kufufuka na kunawa mikono, Bibi aliingia hemani kupimwa. Mimi niliingia naye kumshikia kitenge. Walitaniana kama kawaida. Bibi alimwambia, "Pima taratibu, wewe mla michembe ya viazi, hicho si kiazi." Sista akacheka, akaendelea. Halafu vidole vyake vikasimama. Vikarudi nyuma kidogo, vikasimama tena mahali palepale. Akasema, "Mama, hapa pana kitu. Inabidi ufike Kasulu Alhamisi, ufanyiwe altrasaundi na daktari akuone."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia, "Umesikia? Leo ananiita mama! Huyu Mnyamwezi ni hatari."

Sista akasema hatanii. Bibi akasema ndivyo watani wote wanavyosema. Sista akaapa kwa Mungu. Bibi akasema, "Na kuapa juu! Leo umeniweza." Macho ya Sista yakalowa, na Bibi akampongeza, akasema mtu kama huyu anapotea bure kwenye uuguzi, angeigiza redioni. Kadiri Sista alivyozidi kuwa mkweli ndivyo Bibi alivyozidi kufurahi. Alipoandikiwa fomu ya rufaa aliipokea kwa mikono miwili. Sasa anaionyesha kisimani. "Tazameni," anasema, "mtani wangu amenitania na muhuri kabisa!"

Tulipotoka nje, Sista alinivuta pembeni akanieleza kwamba uvimbe si lazima uwe saratani, kwamba ukiwahiwa hutibika, na kwamba nihakikishe Bibi anafika. Nimejaribu. Nilipomwambia, Bibi alinitazama kwa huruma akasema, "Mwanangu, na wewe amekupata?"

Jioni ile, wakati namsugua mgongo, niliomba niguse. Alikubali ili yaishe. Harage lipo. Si kubwa. Nimekuwa nikiomba kila siku libaki hivyo hivyo mpaka Alhamisi, lakini Alhamisi yenyewe hataki kuisikia, na kambi yenu inafungwa Ijumaa.

5. Ukosefu wa muuguzi mbadala. Mwalimu Shamsi anasema usilalamike bila kupendekeza. Nilianza kutafuta kabila la muuguzi ambalo si watani wetu. Wasukuma ni watani wetu pia. Wamanyema wa Ujiji hatutaniani nao rasmi, lakini ukikaa nao dakika kumi inatokea. Muha mwenzetu hafai, kwa sababu Bibi atamuuliza ni wa ukoo gani, na itabainika ni mjukuu wake, na mjukuu hutania. Nimefika mpaka Pwani nikarudi.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naomba yafuatayo:

(a) Sista Zuleha ahamishwe haraka, kabla ya Alhamisi, na aletwe muuguzi ambaye hajawahi kusikia kwamba kuna Waha. Hata akiwa Mjapani.

(b) Muuguzi huyo awe na uso wa mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Ikiwezekana awe anaumwa jino siku ya kazi.

(c) Kila fomu ya rufaa igongwe muhuri wa pili wenye maneno SI UTANI, na chini yake wasaini mashahidi wawili wasio na mbavu za kuchekeshwa.

(d) Ikishindikana, utani usimamishwe mkoa mzima wa Kigoma kila mwezi wa Oktoba, misibani na harusini, na atakayecheka karibu na hema la afya achukuliwe hatua.

Najua (d) ni kubwa. Lakini mimi nina bibi mmoja.

Nawasalimu madaktari wote, wapishi wa kambi, dereva asiyegonga kuku, na Mzee Hilali mkikutana naye, mwambieni mazishi yaliahirishwa. Msalimieni pia Sista Zuleha, kwa kuwa sina ugomvi naye. Bibi naye angewasalimu, ila hajui kama naandika.

Ni mimi mwenye matumaini kwamba mtanisikiliza,

Divine Bazilio
Katibu, Klabu ya Afya

N.B. Alhamisi, 16 Oktoba. Ninaandika haya nikiwa kwenye benchi nje ya hema lenu hapa Kasulu. Barua hii nilikuja nayo mkononi nikukabidhi mwenyewe. Tafadhali usifuate hata neno moja la hapo juu.

Jana mchana Fidele wa bodaboda alileta ujumbe kwa Bibi kutoka kwa Sista Zuleha. Aliusema kama alivyotumwa: "Mwambie yule bibi asije Kasulu. Siku hizi kuna lami. Ataiona inang'aa, adhani ni mto, avue viatu. Atatuaibisha mbele ya wageni."

Bibi aliinuka, akajifunga kitenge upya. Kisha akasema, "Ego," yaani ndiyo kwa Kiha. "Divine, niletee viatu."

Tumeondoka alfajiri, kwa bodaboda mpaka Kibondo na kwa basi mpaka hapa, na nauli ilitoka kwenye rambirambi za Sista. Njia nzima Bibi alikuwa akitafuta jibu. Aliposhuka alivuka lami, akarudi, akavuka tena, na viatu vyote viwili miguuni, ili kusiwe na ubishi. Halafu akaingia kambini, akasimama mbele ya foleni nzima akasema: "Wewe Mnyamwezi! Wapagazi mmekuwa wavivu siku hizi, mpaka mizigo inajileta yenyewe!"

Foleni iliharibika. Sista akamwambia, "Basi mzigo upande kitandani." Bibi akapanda huku akitafuta la kujibu, na kabla hajalipata altrasaundi ilikuwa imekwisha.

Ndipo akaingia daktari, naye ndiye hasa niliyemwomba katika (b). Sijawahi kuona uso uliopotelewa na ng'ombe wengi kiasi kile. Alieleza kwa upole na bila kutabasamu kwamba uvimbe ni mdogo, kwamba tumewahi, kwamba atachukua sampuli kwa sindano na majibu yatatoka baada ya wiki mbili. Alisema kweli tupu. Bibi alimwamini palepale, akakaa, akavuta kitenge chake, akaniambia kwa sauti ndogo, "Twende nyumbani."

Nilimwita Sista. Alikuja na glovu moja mkononi. Akasema, "Lala, Muha. Ukikimbia sasa hivi watasema umeogopa sindano ya Mnyamwezi." Bibi alimtazama, akalala.

Naomba msimhamishe. Bibi ameshamwambia daktari kwamba majibu atayapokea kwa Sista peke yake, na kwamba yakiwa mabaya ataanza kumtukana hapo hapo wapate pa kuanzia. Kama bajeti inaruhusu, mwakani mtuletee Wanyamwezi wawili.

Wakati wa sindano walishikana mikono, na hawakuachiana mpaka chai ilipoletwa. Bibi anasema Sista ndiye aliyemshika. Sista anasema ni Bibi. Wamenitaka mimi niamue, kwa kuwa nilikuwepo na ni katibu. Nimewaambia bado naandika.