Kukataliwa kwa Kosa la Kuwa Macho

Kwa Daktari Mkuu,
Jopo la Majaribio ya Dawa ya Usingizi wa Mchana,
Hospitali ya Rufaa.

Mheshimiwa Daktari,

Natumaini barua hii itakukuta macho, hali ambayo mimi sikujaaliwa. Ikikukuta umelala, anayekuamsha na akusomee.

Mimi ni msahihishaji wa prufu katika kiwanda cha uchapaji. Wenzangu kazini wananiita Bwana Pingamizi, jina ambalo nimelipinga bila mafanikio. Tangu ujanani nasinzia mchana. Sisemi kusinzia kwa mtu aliyeshiba, nasema usingizi unaonidaka nimesimama kwenye foleni ya benki, mpaka mlinzi ananigusa bega, "Mzee, hapa si kwako." Dawa pekee niliyowahi kuipata ni ubishi. Nikibishana, macho yangu makavu. Nikikubaliana na mtu, nimekwisha. Ndiyo maana vitabu vibaya vyote vilivyopita kiwandani nimevisoma mpaka nukta ya mwisho, na vizuri sijamaliza hata kimoja.

Wiki iliyopita jopo lako lilinikataa kwenye majaribio ya dawa mpya, kwa maelezo kwamba niko macho kupita kiasi. Maelezo hayo yamenitia hasira, na hasira hiyo ndiyo inayonishikilia kalamu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Chumba cha kipimo. Niliingizwa katika chumba chenye mwanga hafifu, nikaketishwa kwenye kiti cha kuegemea, nikabandikwa waya kichwani kama redio iliyopelekwa kwa fundi, nikaambiwa nijitahidi nisilale. Kisha fundi wa mashine, mkono wake ukiwa tayari kwenye kitasa, akatamka: "Tulia tu mzee wangu, hata mimi nikishiba nalala." Akafunga mlango! Mheshimiwa, aliniacha gizani na hoja isiyojibiwa! Nilikaa humo nikimjibu kimoyomoyo. Nikampa mifano, nikampa mifano ya kinyume, nikamshinda, nikamhurumia, nikaanza upya. Mlango ulipofunguliwa akaitazama karatasi ya mashine, akacheka: "Mzee, wewe ungefaa ulinzi." Basi mtu akichomwa sindano akaruka, mtaandika kwamba ni mwanariadha?

2. Fomu ya ridhaa. Inasema naweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Mimi sijawahi kutoka popote bila kutoa sababu, na sitaanza leo. Nilipomweleza muuguzi jambo hilo kwa kirefu, alinijibu, "Baba, weka sahihi tu, na sisi tuna kwetu." Jibu hilo lilinichangamsha mno, na uchangamfu huo huo mkautumia kunihukumu.

3. Kidonge bandia. Nimeelezwa kwamba nusu ya washiriki watapewa kidonge kisicho na dawa, na hakuna atakayejua nani kapewa kipi. Sipingi utaratibu wa sayansi. Nimeusoma mpaka pale uliponishawishi, nikalala. Lakini hebu fikirini. Nikishuku tu kwamba nimepewa unga mtupu, nitakasirika. Nikikasirika, nitaamka. Nikiamka, mtaandika kwamba unga mtupu unatibu, na kesho wagonjwa wa nchi nzima watalishwa unga kwa sababu yangu. Kwa usalama wa taifa, nipewe dawa yenyewe.

4. Sababu iliyonileta kwenu. Hapa sibishani na mtu. Mwaka jana binti yangu alikuja nyumbani na habari njema. Akakaa ubavuni mwangu, akanishika mkono, akasema, "Baba, Mungu akipenda utaitwa..." Nikalala. Nilijua kwamba nimekuwa babu siku nilipokuta mtoto mchanga sebuleni nikauliza ni wa jirani gani. Hadi leo sina ruhusa ya kumpakata mjukuu wangu peke yangu, kwa sababu akitulia kifuani nami natulia, na mikono inalegea.

Familia imebuni njia. Mkwe wangu, kijana mwenye adabu kuliko wote niliowahi kuwaona, anaketi mbele yetu na kunitukana. Huanza hivi: "Shikamoo baba. Samahani sana baba. Wewe ni mzee wa ovyo, na hoja zako zina matundu." Nami hujibu, "Marahaba mwanangu, taja tundu moja!" Hapo mtoto huangua kilio, mama yake humnyakua, na mkwe huniomba radhi mpaka chakula kinapoa.

Mke wangu husema, "Nimeolewa na wanaume wawili, mmoja amelala, mwingine anagombana. Huyo wa tatu nitamwona lini?" Daktari, hata mimi natamani kumwona huyo wa tatu. Nataka kumpakata mtoto kwa amani nikiwa macho. Hilo tu.

5. Ombi. Nipimwe upya. Safari hii, kabla ya kufunga mlango, fundi aniambie kwamba niko sahihi katika kila jambo. Ikimshinda, jopo zima lipange foleni, mmoja baada ya mwingine, kunikubalia. Nikifanikiwa hata kuvua viatu kabla sijakoroma, nifuteni kabisa. Mkikataa, nitakwenda wizarani, na wizara ikinikataa nitakwenda mahakamani, ambako nawaonya mapema: sitasinzia hata siku moja.

Nisalimie madaktari wote, wauguzi wote, na yule mama mfagiaji aliyeniamsha mara mbili kwenye benchi la mapokezi. Katika hospitali nzima ni yeye peke yake mwenye ushahidi, na hamkumwita. Nisalimie hata fundi wa mashine. Mwambie bado namjibu.

Wako nisiyekubaliana nawe,

Msahihishaji wa Prufu

Baada ya sahihi: Kabla sijafunga bahasha nimemsomea mke wangu. Amenisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mume wangu, umeandika tangu tulipoondoa sahani mezani, hujapiga hata mwayo mmoja. Sasa kosa la fundi liko wapi?" Nimetafuta jibu kila kona, sikulipata. Kwa hiyo nayaondoa malalamiko yote. Fundi alisema kweli, jopo limetenda haki, nafasi yangu apewe mgonjwa halisi. Sina ugomvi na mtu yeyote duniani, na ninawatakia kazi nje

Daktari, mimi ni mkewe. Amelalia kalamu, wino umemwingia ndevuni. Nilikuwa namletea mjukuu. Nimemrudisha kwa mama yake. Mkimkubali, nawaomba barua yenu ianze kwa kumtukana, walau mistari miwili, ili afike kwenye habari njema akiwa macho.