Kamati ya Nidhamu ya Vimiminika

Kwa heshima na taadhima, Kamati ya Nidhamu ya Vimiminika ya chuo chetu hapa Hobart inawatangazia wote kwamba kuanzia sasa hakuna kimiminika kitakachoruhusiwa kukaa katika hali isiyoeleweka. Mimi, Clive Pennicott, ndiye katibu, na wazo hili ni langu.

Chanzo ni Daktari Wilma Trezise. Mama huyu ana chupa ya vimiminika viwili vinavyokorogwa na mota usiku na mchana. Vikipata joto vinakuwa kitu kimoja, vikipoa vinaachana. Katikati kuna nyuzi moja ya joto ambapo havijui vifanye nini, vinabaki vyeupe kama maziwa. Fomu yetu ina visanduku viwili tu, "kimoja" na "viwili", na yeye miaka miwili hajajaza hata kimoja. Tukampa onyo kwamba chupa itamwagwa na maabara kufungwa. Alibakiza kipimo kimoja tu amalize kazi ya miaka sita. Inasikitisha, lakini fomu ni fomu.

Tulikwenda maabara kwake watano kukagua, baada ya chai ya saa nne na nusu, keki bado mkononi. Kanuni ya tisa, niliyoiandika mwenyewe, inasema mkaguzi akishatia sahihi haondoki mpaka kimiminika kiamue.

"Niweke joto karibu kiasi gani na nyuzi yenyewe, Clive?" aliuliza Wilma. "Nikisogeza pembeni kidogo, dakika kumi mmemaliza."

"Pembeni? Hapa si sokoni, mama. Tunataka penyewe."

"Kadiri unavyopakaribia, ndivyo kinavyochelewa kuamua."

"Mbele ya Kamati kitaamua."

"Haya, ndugu yangu. Tieni sahihi hapa, wote watano."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Leo ni wiki ya tatu. Mlango ukibamizwa joto la chupa linayumba na tunaanza upya, kwa hiyo tunaushika kwa zamu, na tumevua viatu. Wilma amekuwa akipima kwa raha zake, maana wenye mamlaka ya kumsumbua wote tuko humu tunanong'ona.

Juzi kamaliza. Nikamwuliza tutatoka lini. Akapiga hesabu, akasema mkitulia, mwezi wa Machi mwakani. Kisha akaenda ufukweni na wanawe.

Katika ripoti yake ametushukuru kwa majina: wasaidizi watano wa maabara waliojitolea kushika mlango. Nimeandika barua kali kupinga. Mkuu wa chuo amejibu kwamba tangu tuingie humu vibali vya utafiti vinatoka siku hiyo hiyo, na kwamba cheo hicho kipya amekiridhia.