Mafuta ya Mjomba Yatatoka kwa Tarumbeta

Jumatatu, 4 Machi

Nimemaliza shule, matokeo bado, na leo nimepata kazi ya maana. Mjomba hafungiki. Yaani koti lake jekundu la bendi halifungiki. Kiongozi wa bendi alipita kukagua makoti: Jumamosi wanaandamana mbele ya wageni, na ambaye vifungo vyake havifiki atabaki nyuma kulinda mabegi. Mjomba anapuliza tarumbeta kwenye bendi hiyo tangu sijazaliwa. Alivuta tumbo mpaka macho yakamtoka. Pale katikati pakabaki nafasi ya kupitisha ngumi. Kiongozi akamwambia pole mzee, mabegi nayo yanahitaji mtu mzima.

Akaenda kujipima kwenye mizani ya duka la dawa. Aliporudi hakutaja uzito. Alikaa tu, tarumbeta mapajani kama mtoto mgonjwa.

Nikafungua kitabu changu cha biolojia. Kumbe! Mtu anapopungua, mafuta hayageuki misuli, wala hayaishii chooni kama nilivyodhani. Mwili huyavunjavunja, na sehemu kubwa hutoka kwa pumzi, ikiwa hewa ya kaboni. Inayobaki hutoka kama maji, jasho na mkojo. Kwa pumzi! Na Mjomba ana nini? Tarumbeta!

Nilitaka kumwambia palepale, lakini sebuleni kulikuwa na watu. Nimemwandikia kikaratasi na kukipitisha chini ya mlango.

Jumanne, 5 Machi

Amekubali. Ameniita daktari. Nimefurahi hadi nikamwaga chai.

Nimemketisha kwenye kochi, mto mgongoni, asichoke. Nguvu zote ziende kwenye kupuliza. Nikafungua dirisha ili mafuta yapate pa kutokea. Kufikia mchana akasema dari linazunguka. Dalili nzuri. Kisha njaa ikamshika, akala sahani yake, yangu na ya kaka yangu.

Kaka yangu tunamwita Profesa. Yuko chuo na anajua kila kitu mpaka anachosha. Akakuta sahani tupu, akataka maelezo. Nikaeleza. Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Eti nimesoma nusu ukurasa. Eti pumzi ni mlango tu, mwili haugusi akiba yake ya mafuta mpaka uhitaji nguvu kuliko chakula ulichopewa. Misuli ifanye kazi kwanza, mafuta yachomwe kwa oksijeni, ndipo yatoke puani. “Wewe bibie unapepea moshi, na kuni hujawasha.”

Ana hasira ya sahani yake tu.

Jumatano, 6 Machi

Mama mwenye nyumba amekuja na pamba masikioni. Amesema mtoto wa jirani amelia, mbwa amelia, na yeye yuko njiani kulia. Tarumbeta itoke au tutoke sote.

Tukaenda nyuma ya gereji. Fundi akatufukuza. Uwanja wa shule, mwalimu akatufukuza kwa adabu. Sokoni, wauza mayai wakatufukuza bila adabu. Mwisho tukapanda kilima mpaka kwenye tangi la maji, Mjomba analowa jasho, mimi nyuma nimebeba mto. Siku nzima imeliwa na kutembea, kupuliza kidogo tu! Nimemwomba msamaha. Akasema usijali, daktari.

Alhamisi, 7 Machi

Kilimani tena. Nilimtafutia baiskeli ya kumbeba, sikupata. Hata hivyo mkanda wake umeingia tundu moja ndani! Profesa akasema ni kule kutembea, mtoto. Nikamjibu vikali sana, kimoyomoyo.

Ijumaa, 8 Machi

Jaribio la koti. Ngumi haipiti tena, lakini vidole viwili vinapita. Mjomba akavua koti polepole na kuniambia nimejitahidi, na kwamba mabegi si kazi mbaya. Nikaenda kulia bafuni.

Mkaza mjomba, yaani mkewe, wiki nzima alikuwa kwenye cherehani yake. Leo akaniita, akanifuta uso, akasema aachiwe koti alipige pasi, na sisi twende zetu tukapulize. Tuliporudi lilikuwa limening’inia ukutani. Chini ya cherehani palikuwa na vipande vya uzi. Nimevifagia. Pasi yenyewe ilikuwa baridi. Ana mkono mwepesi kweli.

Jumamosi, 9 Machi

VIMEFUNGA! Vyote! Kiongozi wa bendi alivigusa kimoja kimoja kwa kidole, akamwonyesha nafasi yake mstarini. Mabegi akapewa mpiga matoazi, ambaye koti lake limempasuka kwapani.

Nikasimama kando ya barabara. Mjomba mstari wa mbele, kifua mbele, shaba inawaka. Alipofika nilipo akainua tarumbeta upande wangu na kuvuta sauti ndefu kuliko wote. Mimi, ambaye dukani huagiza chumvi kwa kuonyesha kidole, nikapiga kelele mbele ya umati: “Yule ni mjomba wangu!” Watu wakageuka. Nikarudia.

Jumapili, 10 Machi

Mjomba amejipima tena. Amepungua kidogo sana, chini ya kilo. Profesa akatabasamu. Nimemweleza kuwa Mjomba alikuwa amevuta hewa nyingi ya akiba, na hewa nayo ina uzito.

Tena nimeligundua jambo ambalo halimo hata kitabuni. Kwenye koti kuna matundu madogo ya uzi pale vifungo vilipokuwa zamani, vidole viwili kutoka vilipo sasa. Yaani mafuta yametoka kwa kasi mpaka vifungo vyenyewe vikasogea. Nilipomwonyesha mkaza mjomba, alipaliwa na chai.

Jioni mama mwenye nyumba amekuja kwa kunong’ona. Ana gauni la zamani lisilomwingia tena, na amesikia habari za Mjomba. Kesho anaanza. Nimeshanunua maputo ya kupuliza, maana tarumbeta hana, na kochi liko tayari. Nimemsisitizia jambo moja tu, asije kwa miguu.