Ombi la Kuondoa Jina Langu kwenye Bunduki Yenu Fupi

Duka la Mshono la Bi Mkato,
Mkabala na Lango la Pili la Kambi.

Kwa Mheshimiwa Kanali,
Mkuu wa Karakana ya Silaha,
Kambini.

YAH: BUNDUKI KUITWA MIMI

Mheshimiwa Kanali,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na zile suruali zako tatu nilizozipunguza zinakukaa vizuri. Mimi ni yule fundi cherehani wa nje ya ukuta wenu. Jina nililopewa na wazazi hapa mtaani halijulikani, hata mwenye nyumba hulisahau. Wote huniita Bi Mkato, kwa sababu nilianza na mkasi wa kuazima na kazi moja tu niliyoijua, kupunguza suruali. Leo nina cherehani nne, mafundi watatu, na kibao cha rangi mbili juu ya mlango. Jina hilo ndilo mtaji wangu. Benki hawalitambui, lakini wateja wanalitambua, na hao ndio wanaonilisha.

Sasa nasikia linabebwa begani na askari mia mbili na arobaini.

Nieleze kwanza ninavyoelewa, unisahihishe nikikosea. Mlikuwa na bunduki ndefu, zikawa zinanasa kwenye milango ya magari na kuwagonga madereva kisogoni. Karakana yako ikakata mtutu sentimita ishirini na mbili, ikapata bunduki fupi ya sentimita tisini. Kazi nzuri, siikatai, kukata si kitu kidogo. Kamati ya Majina ikakaa, ikaiita Radi ya Ushindi. Siku ya maonyesho, mbele ya wageni waliokaa kwenye viti vya kitambaa, Radi ya Ushindi ikasema "tik", ikanyamaza. Jina likafutwa kabla wageni hawajamaliza soda. Kamati ikakaa tena, ikaleta Chui Mwekundu, kwa bunduki iliyopakwa rangi ya majani. Mara ya tatu, mtu mmoja wa safu ya nyuma (namfahamu, kiuno chake ni inchi thelathini na nane ingawa anadai thelathini na sita) akasema: "Si mumwite Bi Mkato tu? Mfupi, hana subira, ukimgusa anajibu." Wakacheka, karani akaandika, mhuri ukagongwa. Ndivyo nilivyogeuka silaha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sikuulizwa. Kutoka lango lenu hadi mlangoni kwangu hata jasho halitoki. Askari huja kuniuliza kama nina kifungo kinachofanana na kilichodondoka. Kwa kifungo wanakuja. Kwa jina zima hakuja mtu.

2. Vipimo havilingani. Mimi nina sentimita mia moja arobaini na nane bila viatu, bunduki yenu ina tisini. Ikisimama pembeni yangu inanifika kiunoni. Kama ufupi ndio sifa, mngeiita stuli. Tena, kwa kuwa tumeingia kwenye vipimo: mimi nikipunguza suruali, kipande nilichokata humrudishia mwenyewe. Nyinyi mmekata mitutu mia mbili na arobaini, sentimita ishirini na mbili kila mmoja. Hizo ni mita hamsini na mbili na sentimita themanini za chuma cha serikali. Viko wapi vipande? Nauliza tu, kama fundi kwa fundi.

3. Hili ndilo linaloniuma. Mngeipa bunduki jina la kitu, ingekwenda kama kitu: imekwama, isafishwe, iwekwe kabatini. Mmeipa jina la mtu, na karani wenu aliyeandika Kijitabu cha Matunzo ni mtu wa shule, hakutaka sarufi iharibike. Matokeo yake ukurasa wa nne unasomeka hivi, nanukuu bila kuongeza nukta:

"Kabla ya kumsafisha Bi Mkato, hakikisha hana kitu tumboni. Mvue mkanda. Mlaze chali juu ya meza safi. Mpake mafuta kidogo, akizidishiwa huteleza. Akikataa, mpige kofi moja la kitako, si zaidi."

Na ukurasa wa sita: "Ni marufuku kumwazima mwenzako Bi Mkato. Usimwache juani akiwa amejaa."

Nakala moja ya kijitabu hicho ilisahauliwa kwenye kiti cha kinyozi. Kinyozi huyo ni mume wangu. Chumba chake na changu vimetenganishwa na pazia tu. Ni mtu mpole, hana makuu. Alikisoma chote akiwa amesimama, akakitia kwenye droo ya nyembe, kisha akaniuliza taratibu ukurasa wa nne umeandikwa na nani, na huyo mtu amejuaje.

Nilikuwa bado namwelewesha alipokuja koplo mmoja kunyolewa ndevu, akamwambia mwenzake aliyekaa kwenye benchi: "Mimi jana nimelala porini na Bi Mkato, mgongo wote unaniuma." Mwenzake akajibu: "Una bahati, bwana. Wangu akianza kelele kambi nzima inaamka." Mheshimiwa, mume wangu alikuwa ameshika wembe. Koplo alitoka na ndevu za upande mmoja, na ashukuru kwamba alitoka na masikio ya pande zote mbili.

4. Matoleo yamezidi. Ya kwanza ilikuwa Bi Mkato peke yake. Kisha mkatoa yenye kitako cha kukunja, kwa ajili ya wale wanaoruka na miavuli, mkaiita Bi Mkato Mkunjo. Ya tatu haifyatui moja moja, ukibonyeza inamwaga zote thelathini. Hiyo ni Bi Mkato Mfululizo. Ya nne imefungwa darubini ya kuonea gizani, mkaiita Bi Mkato Macho ya Usiku. Majirani ambao hawakuwa wakinifikiria lolote sasa wananifikiria mambo manne.

Wateja wa mume wangu nao wanamuuliza ameoa toleo lipi. Juzi akawajibu kwamba alichukua la kwanza, ila likajigeuza Mfululizo lenyewe bila kupelekwa karakana. Benchi zima lilicheka, na kicheko kilipita kwenye pazia, maana pazia si ukuta. Jioni hiyo alikula chakula baridi. Hilo nalo naliweka kwenye hesabu yenu.

5. Kukwama. Kila asubuhi sajini wa ghala hufanya hesabu kwa sauti inayoruka ukuta. "Bi Mkato wangapi?" "Mia mbili arobaini, afande!" "Wazima?" "Mia moja themanini na tisa!" "Waliobaki?" "Wamekwama, afande! Vumbi!" Saa hiyo mimi nina watu dukani, wengine wamenyanyua mikono nawapima kifua. Hamsini na moja katika mia mbili arobaini ni zaidi ya moja katika kila tano. Mwaka jana nilipunguza suruali elfu moja na mia tatu. Zilizorudishwa ni tisa, na katika hizo nne wenyewe ndio walionenepa. Mimi sijawahi kukwama kwa ajili ya vumbi.

Lakini mteja hajui hesabu hizi. Mama mmoja alikuja na kitambaa cha gauni la harusi ya binti yake, nikampima binti kuanzia bega hadi kisigino. Wakamsikiliza sajini mpaka mwisho. Mama akakikunja kitambaa chake vizuri, akasema atapita siku nyingine, kwa ile sauti ambayo sote tunaijua. Huyo ni wa tatu. Fundi wangu mmoja nimemwambia apumzike nyumbani mpaka kazi zichangamke, naye akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda. Hapo, Mheshimiwa, utani umeisha. Jina nililolijenga kwa mkasi wa kuazima linabomolewa na watu wenye mishahara.

6. Mizigo. Lori la ghala kuu limeshusha mlangoni kwangu sanduku lililoandikwa: BI MKATO, VITAKO 30. Dereva akataka nisaini. Nikamwambia ninacho kimoja na kinanitosha. Akasema yeye ni dereva tu. Wakati huo huo kifurushi changu cha zipu, dazeni kumi na mbili, kiliingia ghalani kwenu, na sasa nina barua ya sajini, yenye mhuri, akiomba maelekezo zipu zifungwe sehemu gani ya silaha.

7. Jumanne nilikuja kambini kuleta sare za bendi. Mlinzi wa lango akaandika kwenye daftari: Bi Mkato, mmoja, ameingia. Nilipotoka akaandika: Bi Mkato, mmoja, ametoka. Mwenzake alipopokea zamu akasoma mstari wa mwisho tu. King'ora kikalia. Malango yakafungwa, kambi nzima ikapangwa uwanjani. Mimi nikiwa dukani, pini mdomoni, nikaona askari kumi na wawili wamefuata kibao changu, wamezunguka nyumba, na kipaza sauti kinatangaza kwamba aliye na Bi Mkato amtoe nje polepole, akiwa ameelekezwa chini.

Mume wangu akanitoa. Nikaelekezwa chini.

Luteni akaniangalia, akaangalia daftari, akaniuliza namba yangu ya mgongoni. Nikampa namba ya simu, akaiandika. Nikarudishwa kambini, nikasainiwa kuingia, hesabu ikafika mia mbili arobaini na moja, ikabidi nitolewe tena ili isizidi. Mtaa mzima ulikuwa umesimama barabarani. Jirani mmoja alikuwa amebeba kiti.

Kwa sababu hizo, naomba jina langu liondolewe kwenye bunduki, matoleo yote, na kwenye vijitabu. Ipeni namba, ipeni herufi, au ipeni jina la yule wa safu ya nyuma, mwenye kiuno cha inchi thelathini na nane. Ikishindikana kabisa, basi angalau isemwe kama kitu. Andikeni "isafishwe", andikeni "ilazwe chali". Ni kurasa mbili tu za kuchapisha upya, na mume wangu atarudi kulala akitazama upande wangu.

Nasubiri majibu kwa heshima. Yasipokuja, nami nitaanza kuyapa mavazi yangu majina. Nina mpango wa chupi za kiume zenye mpira uliolegea, na toleo la kwanza litaitwa Kanali. La pili litaitwa Kanali Mkunjo. Kitambaa nimeshakikata.

Nisalimie mkeo na watoto. Msalimie karani wa sarufi, mwambie kazi yake inasomwa na watu wengi kuliko anavyodhani. Msalimie sajini wa ghala na koo lake. Koplo mwenye ndevu za upande mmoja mwambie aje amaliziwe, kinyozi ameshapoa.

Ni mimi, mwenye jina langu,
Bi Mkato (mwenyewe, raia)

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha alipoingia sajini wa ghala kuchukua suruali yake. Kanishauri nisijisumbue. Anasema mmetoa toleo la tano, lililozibwa vumbi lisiingie, limefyatua risasi elfu mbili bila kukwama, wakubwa wamefurahi kupita kiasi, na kwa hiyo Kamati imeona jina la fundi cherehani halina hadhi tena. Kuanzia Jumatatu litaitwa jina la mama mkwe wako.

Mheshimiwa Kanali, mama mkwe wako namfahamu, nimemshonea. Ana mita moja na sentimita sabini na tisa, na ukimuuliza swali asubuhi hukujibu jioni. Hiyo ni bunduki fupi gani?

Sajini akiwa bado anazungumza, toleo hilo likaanza kujaribiwa nyuma ya ukuta. Nikawaambia mafundi wasimamishe cherehani. Thelathini mfululizo, Mheshimiwa. Safi, kama mshono wa cherehani mpya. Hakukohoa, hakusita. Mteja mmoja akaniuliza, huyo ndiye Bi Mkato? Nikasikia mdomo wangu unajibu: ndiye. Akaniachia vitambaa viwili, akasema anataka mshono wa namna hiyo hiyo.

Sasa niambie. Alipokuwa anakwama mbele ya wateja wangu alikuwa wa kwangu, leo ametengemaa ndio awe wa mama mkwe wa mtu? Nani aliyechekwa kwa ajili yake? Nani aliyeelekezwa chini barabarani? Huyo mama mkwe alikuwa wapi enzi za "tik"?

Barua yote iliyo hapo juu, namba moja hadi saba, ichane. Haondoki mtu kwenye jina lake. Na karani wa kijitabu asithubutu kugusa sarufi: akimwandikia mtu mzima kama yule "isafishwe", atanikuta langoni.

Wajina wake,
Bi Mkato